Mwauliza ya jioni, mimi nina ya mchana

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: "Unafanya zoezi gani kuondoa uchovu wa misuli baada ya kazi?" Mimi nauliza, mkazo huo uliingiaje? Maana wengi wetu hatubebi magunia. Tunapiga mswaki tumebana taya, tunafungua chupa mabega yameparamia masikio, tunatia sahihi huku tumezuia pumzi. Jioni ndiyo tunajinyoosha kuondoa tulichokipakia wenyewe. Kazi bure.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mtaalamu wa fiziotherapia, nilipompelekea shingo yangu inayouma. Nilitarajia anikande. Akaniketisha, akaweka vidole viwili kisogoni pangu. "Simama." Nikasimama. "Hebu kaa tena. Makalio hayajaacha kiti, kichwa kimesharudi nyuma na kidevu kiko juu. Shingo inakusaidia nini kusimama?" Nikacheka; yeye hakucheka. "Sasa nitakwambia simama, lakini usisimame." Akatamka. Nikabaki nimeketi kama nilivyoagizwa, na bado nikaisikia shingo ikijikaza chini ya vidole vyake. Kwa amri tu! Tukarudia simama-usisimame hiyo mpaka nikaudhika, na maudhi nayo yakapanda mabegani, akayaona pia. Hatimaye shingo ikatulia. Ndipo akaniambia niinamie mbele kuanzia kwenye nyonga, uzito uhamie miguuni. Nikajikuta nimesimama, na nikahisi kama kuna jambo nimesahau kulifanya.

Baadaye nilisoma habari za Frederick Matthias Alexander, mghani aliyezaliwa Tasmania, kisiwa cha Australia, mwaka 1869. Sauti ilikuwa ikimkauka jukwaani. Akajichunguza kwenye vioo, akagundua kwamba kila alipotaka kughani alivuta kichwa nyuma na kuikandamiza shingo. Kumbe ni yale yale. Na si hadithi tu: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa 579 wa maumivu ya mgongo, ulionyesha kuwa masomo ya njia aliyoibuni kuacha mazoea hayo yaliwapunguzia siku za maumivu, na nafuu ilikuwepo hata mwaka mmoja baadaye.

Ila tusidanganyane. Ukijiamuru "legea, legea" kutwa nzima, amri hiyo nayo inakuwa mkazo. Tena misuli ikilegea yote, utaanguka. Kinachotakiwa ni ile isiyo na kazi ikae kando. Na ninavyoandika naona lile "kazi bure" nimelitupa kwa ukali mno, kwani wapo ambao hawajui kama wamejikaza mpaka jioni wajinyooshe.

Basi zoezi langu hili hapa: nalala chali sakafuni, magoti nimeyakunja, nyayo zimekanyaga chini, vitabu vichache chini ya kichwa, dakika kama 15. Ndiyo, jioni. Halitoshi bila kujichunga mchana, na mwenye ganzi mkononi au maumivu yanayoshuka mguuni amwone daktari kwanza, asinisikilize mimi.