Jiwe la Bismarck alfajiri, mwezi ukizama

Swali la wiki lilikuwa hili: Jiwe la Bismarck, lile rundo la granaiti lililosimama majini kando ya Ziwa Victoria, limepigwa picha na karibu kila aliyefika Mwanza; je, mpiga picha wa leo anaweza kuleta kitu kipya pale? Anaweza, ila wengi wanakitafuta mahali ambapo hakipo. Wanahangaika na pembe: wanapanda, wanalala kifudifudi, wanarusha droni (ambayo inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi, msisahau). Pembe za pale ufukweni ni chache na zimekwisha kuchukuliwa. Kilichobaki ni saa na umbali, na vyote viwili vinahesabika.

Itazameni kwanza ile picha ya kadi. Mpigaji amesimama wima ufukweni na lenzi pana ya simu, jua linazama, jiwe limekaa katikati. Jua linaangukia nyuma ya jiwe kwa kuwa ufukwe ule unatazama magharibi, upande wa Kamanga na Sengerema, ng'ambo ya maji. Simu inapima mwanga wa anga, basi jiwe linakuwa jeusi tii. Granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 inageuka umbo lililokatwa kwa karatasi: mipasuko imepotea, magamba yanayobanduka yamepotea, hata michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege aitwaye mnandi imepotea. Ni picha ya jua.

Sasa hamisheni saa tu, mengine yaacheni. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, na huzama jua linapochomoza. Kwa hiyo kuna asubuhi moja kila mwezi, mara chache mbili, ambapo mwezi unashuka nyuma ya jiwe huku mashariki, mgongoni kwenu, kumeshapambazuka kiasi cha kuionyesha granaiti. Umati wa jioni haupo. Tafuteni kwenye programu ya simu siku ambayo mwezi unazama kati ya dakika 0 na 40 baada ya jua kuchomoza. Mwezi huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo ukikosea kwa siku moja kabla, mwezi utazama kungali giza. Siku moja baadaye, anga limeshakuwa jeupe na mwezi umefifia. Mwanza jua huchomoza kama saa 12:25 mwanzoni mwa Novemba na kama saa 12:55 katikati ya Februari. Fikeni dakika 40 kabla. Picha yenyewe iko kati ya dakika 20 na 10 kabla ya jua, mwezi ukiwa bado juu kidogo, maana ukungu wa upeo wa macho huumeza kabla haujagusa maji.

Mahali pa kusimama hapatafutwi kwa kubahatisha. Mwezi, kama jua, una upana wa nusu digrii angani. Gawanya umbali wako hadi kwenye jiwe kwa 115: jibu ni kiasi cha kusogea pembeni ili mwezi uhame upana wake mmoja. Ukiwa mita 60 ni nusu mita. Ukiwa mita 230 ni mita 2. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi unashuka karibu wima, upana wake mmoja kwa kila dakika 2 hivi. Anayeanza kukimbia na stendi mkononi mwezi ukiwa umeshafika kwenye jiwe hawahi. Kumbukeni pia kwamba mwezi mpevu huenda kinyume na jua: Desemba jua linazama kusini mwa magharibi na mwezi kaskazini, Juni inakuwa kinyume chake. Alama ya mahali uliposimama Juni haina kazi Desemba.

Lenzi ya milimita 24 (milimita zikizidi, lenzi huvuta karibu zaidi) itauacha mwezi kama punje ya ulezi, upana wa milimita 0.2 kwenye kihisi, yaani bapa la kamera linalopokea mwanga, chenye upana wa milimita 36. Ya milimita 200 inaupa karibu milimita 2, lakini lazima urudi nyuma mpaka jiwe lienee kwenye fremu. Kama miti au kuta zinakuzuia, ridhika na milimita 85 hadi 135. Anza na f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 200 (wepesi wa kihisi kunasa mwanga), shata 1/60 (muda wa kuingiza mwanga, sehemu ya sekunde), faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), kamera kwenye stendi na kipima muda cha sekunde 2. Kosa la kawaida ni kuongeza mwanga kwa kulihurumia jiwe, mwezi ukaungua na kuwa sahani nyeupe isiyo na madoa. Pima mwanga wa mwezi wenyewe. Kivuli cha jiwe kitainuliwa baadaye kwenye kompyuta, madoa ya mwezi yaliyoungua hayarudi.

Asubuhi ina faida nyingine, maji yaliyotulia. Upepo wa ziwani huanza nchi kavu ikishapata joto, ndiyo maana maji yaliyokuwa kama kioo saa 1 asubuhi yanakuwa yamevurugika mchana.

Urefu wa kamera nao watu wanaudharau. Mstari wa upeo hukaa daima usawa wa lenzi. Ukiishika mita 1.6 juu ya maji, mstari utalikata jiwe mita 1.6 kutoka chini. Ukiishusha hadi sentimita 40, karibu jiwe lote linasimama kwenye anga. Ukipanda mahali pa juu, jiwe zima linamezwa na rangi ya maji.

Kwa anayetaka mipasuko yenyewe, jua la asubuhi kutoka mgongoni halimsaidii, linabapaza kila kitu. Atembee ufukweni, au apande mtumbwi akiwa na jaketi la kuokolea, mpaka jiwe liwe kaskazini au kusini mwake, kisha asubiri saa 1:30 hadi saa 2:30. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha jinsi mawe ya Mwanza yalivyotokea: hakuna aliyeyapanga. Granaiti ilioza chini ya ardhi kwa kufuata nyufa zake, udongo ukachukuliwa na maji, vipande vigumu vikabaki vimebebana. Fuateni ufa mmoja kwa lenzi ndefu, mwacheni Bismarck na jina lake. Chansela huyo wa Ujerumani alishatoka madarakani 1890, miaka miwili kabla Wajerumani hawajaweka kituo Mwanza.

Jioni pia ina nafasi yake, ila kwenye kivuko cha kwenda Kamanga. Saa ileile umati unapolikabili jua, abiria anayetazama alikotoka ana jua mgongoni, na nyuma ya jiwe jiji linapanda mlimani, nyumba na mawe vikibanana. Injini inatetemesha sitaha, hivyo usiegemee chuma. Viwiko mbavuni, shata 1/1000.

Filta nzito, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, ya kufanya maji yawe maziwa kwa sekunde 17 siipendekezi. Inafuta wimbi, na Ziwa Victoria bila wimbi ni bwawa lolote. Filta ya stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) inayogeuza 1/125 kuwa nusu sekunde inatosha kuonyesha maji yakivutwa mguuni pa jiwe. Wenye simu wazime urembeshaji wa picha, maana unaigeuza granaiti kuwa plasta. Na gugumaji likielea mbele msilifute. Ndilo linalosema picha ni ya ziwa hili na ya mwaka huu.

Hapo ndipo kuna kazi ambayo wachache wanaifanya. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likavuka rekodi iliyodumu tangu 1964. Chagua ufa mmoja karibu na maji uwe rula yako ya kuonyesha maji yamefika wapi, simama palepale kila mwezi, kamera mita 1.2 kutoka chini, lenzi ileile, na uandike tarehe kwenye jina la faili. Mwezi ambao huoni tofauti yoyote, piga vilevile.