Mawimbi ya maikrowevu na homoni za panya wa maabara

Mleta mada amesoma utafiti mmoja, naye ameuliza kama ni kweli panya waliopigwa mawimbi ya maikrowevu maabara huvurugika homoni, na kama tuyatoe majiko hayo jikoni. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika chumba cha wanyama wa maabara, nikiwatoa panya damu kwa ajili ya vipimo vya homoni, hivyo nitajibu kwa upande huo.

Kwamba homoni hubadilika ni kweli, wala si habari mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwaweka panya kwenye mawimbi ya megahezi 2450, yale yale ya jiko la nyumbani, wakaona kotikosteroni, homoni kuu ya msongo kwa panya, ikipanda. Ila ilipanda sambamba na joto la mwili, na kwa panya walioondolewa tezi ya pituitari, ile ya chini ya ubongo inayoiamuru tezi ya adrenali (iliyo juu ya figo) kutoa homoni hiyo, haikupanda. Maana yake mawimbi hayakuichokoza tezi ya adrenali moja kwa moja, bali mwili ulikuwa ukipambana na joto. Tukumbuke pia kwamba mawimbi hayo hupenya nyama kwa takriban sentimita 2, kina ambacho kwa panya ni tumboni kabisa, ilhali kwa mtu mzima hakijapita mbali na ngozi.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni jinsi homoni hii ilivyo nyepesi kuchokozeka. Ukimshika panya tu kumtoa kizimbani, ndani ya dakika chache imeshaanza kupanda, kwa hiyo sirinji huandaliwa mapema na damu huchukuliwa kabla ya dakika 3 kuisha. Na yule wa mwisho kutolewa, aliyekwisha kusikia purukushani za wenzake, mara nyingi kiwango chake huwa juu. Isitoshe, panya ni mnyama wa usiku na kotikosteroni yake hufikia kilele jioni, kwa hiyo kundi moja likitolewa damu asubuhi na jingine alasiri, tofauti itaonekana hata mtambo wa mawimbi ukiwa haujawashwa. Kundi la ulinganisho, yaani la panya wasiopigwa mawimbi, lisilowekwa katika chombo kile kile, feni ikivuma vile vile, mimi silihesabu kuwa ulinganisho. (Anayeleta habari za melatonini, homoni ya usiku, naye aulizwe panya wake ni wa ukoo gani, maana wale wadogo weusi wa C57BL/6 huitengeneza kidogo mno.)

Mfano wa kwa nini tusikimbilie matokeo ya kwanza: Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kiliwafuatilia panya 200, nusu yao wakipigwa mawimbi kwa muda wa hadi miezi 25, kwa kiwango kisichozidi wati 0.4 zinazofyonzwa na kila kilo ya mwili. Kipimo cha kwanza kilionyesha kotikosteroni imepanda. Waliporudia kwa panya wengine, kupanda huko hakukuonekana.

Kuhusu jiko lako, kagua mlango: ukiwa umepinda au haufungi sawasawa, usilitumie. Na huo utafiti uliousoma, tuwekee hapa sehemu ya mbinu, hasa wati kwa kilo na joto la mwili wa panya, tuujadili.