Kama sungura haonekani, usichape

Wiki iliyopita dada mmoja wa Musoma aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimeona picha zako za treni za zamani kwenye ile hoteli ya Capri Point, Mwanza. Na mimi nataka kuuza picha za ukutani. Nianzie wapi?" Nilianza kumjibu kwa simu, ujumbe ukazidi kurefuka, nikaona bora niuweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo ya kuona kazi ya mkono wako imetundikwa mahali ambapo watu wanapita na kusimama.

Ndiyo, zile picha ni zangu. Ziko 14, fremu za mninga, nilizipeleka kwa bajaji mbili huku nimeikumbatia kubwa kuliko zote isiguse chuma. Nilipomaliza kuzitundika nilirudi nyumbani nikalia. Mdogo wangu aliuliza nani amefariki.

Nililia kwa sababu ya mwaka 2021. Mwaka huo nilipata oda ya picha 8 kutoka kwa mwenye nyumba ya wageni hapa mjini. Nilichukua laki 4 na 80 za kikoba, nikaingia intaneti, nikashusha kila mchoro wa treni niliouona mzuri, nikapeleka stesheneri wakachapa, nikamlipa seremala. Faili zenyewe sikuzikagua. Kwenye kioo cha simu kila kitu kinapendeza, na mimi niliiamini simu.

Kati ya hizo ulikuwamo mchoro maarufu wa Turner, mchoraji wa Uingereza, wa mwaka 1844, unaoonyesha treni ikivuka daraja katika mvua na moshi. Asili yake iko London, na katika asili hiyo kuna sungura mdogo anakimbia kwenye reli mbele ya treni. Amefifia kwa sababu rangi imezeeka, lakini yupo. Nilimwahidi mteja sungura. Nilimwambia, "Mzee, wageni wako watamtafuta sungura, watoto watabishana, hawatasahau hapa." Picha ikatundikwa, mzee akavaa miwani, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. "Sungura yuko wapi?" Nikaangalia na mimi. Palikuwa na ukungu wa kahawia tu. Ile faili ilikuwa na upana wa pikseli 900, yaani vile vinukta vinavyounda picha, nami nimeivuta hadi saizi ya A2, sawa na karatasi 4 za A4. Mzee akasema, mbele ya wahudumu wake na mgeni mmoja aliyekuwa anakunywa chai, kwamba hizi ni za kubandika kwenye daftari la mtoto. Nilizishusha mwenyewe, moja moja, wao wakitazama. Yule mgeni hakuacha kunywa chai. Marejesho ya kikoba niliyalipa kwa kukaanga samaki jioni, miezi 7. Mpaka leo nikipita mtaa ule naangalia upande wa pili.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Musoma, la kwanza: kagua faili. Ikuze kwenye kompyuta mpaka uone kitu kidogo kuliko vyote kilichomo. Kama sungura haonekani, usichape. A2 iliyo safi kabisa inataka pikseli 4,961 kwa 7,016. Ukipata nusu yake, kwa picha ya kutazamwa kutoka mbali, bado utaheshimika. Chini ya hapo chapa ndogo, uizungushie karatasi nyeupe pana ndani ya fremu. Picha ndogo iliyo safi inapendeza kuliko kubwa yenye ukungu.

Ya leseni na kodi nayaruka, kila mtu anayajua.

Baba ndiye aliyeniinua. Alifanya kazi reli, ujana wake aliumalizia Tabora, na sasa anakaa Igoma na kuku wake. Nilimpelekea moja ya zile picha zilizokataliwa, mchoro wa rangi wa injini ndefu ya mvuke aina ya Garratt, ya Reli za Afrika Mashariki, nikifikiri angalau yeye ataifurahia. Aliishika, akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, hii ni rangi ya juisi ya ukwaju. Injini zetu zilikuwa damu ya mzee." Nikakaa chini. Siku ile alinieleza mpaka giza likaingia: jinsi ile rangi ilivyong'aa ikipanguswa asubuhi, jinsi masizi yalivyotulia juu yake bila kuiharibu. Mimi nilikuwa nauza kitu nisichokijua, na mjuzi yupo nyumbani anakula ugali na mimi.

Basi nikaanza kusoma, na kusoma kukanibadilisha. Niligundua kuwa kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliyotengeneza hizo Garratt ilichora kila injini kwa mistari myembamba kama nywele, na michoro yake imehifadhiwa kwenye makumbusho ya mji huohuo. Garratt za aina iliyoitwa "Class 59" zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima. Moja, Mount Gelai, ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na mlima Gelai wenyewe uko huku kwetu, karibu na Ziwa Natron. Nilisoma pia kwamba reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ya kwetu kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kwa miaka hiyo yote katikati, mizigo ya Mwanza ilipanda meli hadi Kisumu ndipo ikaona reli. Ukimweleza hivyo mtu mwenye babu aliyelima pamba, hakuulizi tena bei ya fremu.

Hapo ndipo kwenye la pili: uza picha inayomgusa mnunuzi. Kuna bango la Uganda Railway, ile reli ya Mombasa hadi Kisumu, la karibu 1908, linalosifu nyanda za juu za Kenya kama makao ya kukwepa baridi kwa mabwanyenye wa Ulaya. Ni bango zuri kwa macho, nami nililichapa. Mama mmoja wa Nyegezi alilitazama akaniuliza, "Sasa sisi tuko wapi hapa?" Sikuwa na jibu. Siku hizi silipendekezi kwa sebule ya mtu. Naliuza kwa anayelitaka kama historia, na ninamweleza liliandikwa kwa ajili ya nani. Yule mama nilimpa mchoro wa meli na reli vikikutana bandarini. Ameshaniletea wateja watatu.

Kuhusu rangi, chapa kipande kidogo kwanza, ukubwa wa kiganja, ukitazame mchana nje na usiku chini ya taa. Damu ya mzee ikigeuka waridi, rudi kwenye kompyuta. Usitundike picha mahali jua la jioni la ziwani linapopiga. Wekundu ndio wa kwanza kuondoka, nimeona kwa macho yangu. Na hakimiliki msiidharau: sheria yetu ya 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, Uingereza ni miaka 70. Turner alikufa 1851, huyo hana shida. Wa karibuni waulizie kwanza.

Na jamani, kagua faili. Narudia kwa sababu kila wiki naletewa picha ya WhatsApp niichape ukuta mzima. Vijana tunataka kuvuna kabla ya kupalilia. Tunakimbilia kioo na fremu wakati kilicho ndani ya fremu ni ukungu. Mteja akikukataa mara moja mji mzima unajua, Mwanza si kubwa hivyo. Muulizeni baba, muulizeni babu, yule mzee anayekaa kwenye benchi la stesheni anajua rangi ambayo kompyuta yako haiijui.

Jumapili nilimchukua baba nikampeleka hotelini. Alivaa koti lake la kazi la zamani. Akapita picha zote bila kusema neno, akasimama kwenye mchoro wa Garratt, akaweka kidole juu ya kioo na kuanza kuhesabu magurudumu kutoka kushoto, midomo ikitikisika. Mhudumu alitaka kumwambia asiguse kioo, nikamzuia kwa mkono.

"Kumi na nne," akasema. "Upande mmoja. Yametimia."