Maswali ya praima: uzio unaobambuka na chumvi ya pwani

Nilipiga redi oksaidi (praima nyekundu, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha kwenye chuma) kwenye mabomba ya uzio yenye zinki, nikamalizia na rangi ya mafuta. Mwaka haujaisha, inabambuka vipande vipande. Nimeuziwa feki? (Mchomeleaji, Tanga)

Huenda praima yako ni nzima kabisa, ila umeiweka pasipo pake. Redi oksaidi ya kawaida ni ya alkidi, yaani ina mafuta ndani. Unyevu ukiingia, mafuta hayo na zinki hutengeneza sabuni. Ndiyo fundi, sabuni, katikati ya bomba na rangi! Hata rangi ya bei ghali haishiki hapo. Kwangua yote iliyolegea, futa grisi, pitisha msasa laini bila kuimaliza zinki, kisha upige praima ambayo kopo lake limeandikwa wazi kuwa ni ya vyuma vya zinki. Usikubali neno la muuzaji peke yake. Kuna maduka ambako kila kopo jekundu ni "praima ya chuma".

Geti langu liko karibu na bahari. Kila mwaka nasugua kutu na kupaka upya, vipele vinarudi palepale. (Mombasa)

Msasa unaondoa kutu, chumvi inabaki kwenye vishimo. Ikifunikwa, huvuta maji kupitia rangi, na vipele huinuka. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya msasa na baada yake (kama kisima chako ni cha maji ya magadi, nunua madumu), likauke, upige praima siku hiyohiyo. Asubuhi na mapema hapana, kuna umande. Viwandani hawaanzi mpaka chuma kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone) kwa nyuzi 3 za Selsiasi.

Naweza kuacha redi oksaidi bila rangi ya juu?

Wiki chache, tena ndani ya karakana. Inapitisha maji.

Praima yenye zinki nyingi inafaa juu ya kutu?

Unatupa pesa. Zinki huliwa yenyewe badala ya chuma, lakini sharti igusane na chuma kitupu. Ndiyo maana viwandani hukipiga chuma kwanza kwa mchanga unaorushwa na hewa ya kasi, mara nyingi hadi daraja la Sa 2½ (karibu kutu yote imetoka) la kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1.

Chini ya rangi ya geti la zamani nimekuta praima ya machungwa. Nisugue?

Msasa mkavu usiuguse. Inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha, vaa barakoa ya vumbi laini, na kusanya mabaki yote.