Kabla ya kukaribisha wageni kwenye kitalu nyumba cha kijiji

Wanakijiji wakinijia kuuliza namna ya kupokea wageni kwenye kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mboga, swali langu la kwanza ni hili: nyanya zenu zinauzika? Kama kitalu hakizai, subirini. Mgeni hapandi miteremko ya Meru kuja kutazama nailoni. Anakuja kuona kazi inayolisha watu, na akiikuta anakaa, anauliza, ananunua.

Wageni wakiwa wanafunzi, kinachowashika kuliko vyote ni hesabu ya maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kitalu cha mita 8 kwa 30 kina mita za mraba 240, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ikikingwa yote inaingiza lita 2,400 kwenye tanki. Wapeni watoto futi kamba wapime wenyewe, kisha waufuate mpira wa matone mpaka kwenye shina. Halafu watoke nje, kwenye tuta la nyanya zilizopandwa siku moja na zile za ndani. Tuta hilo msilifiche hata kama limeliwa na kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Hapo ndipo mtoto anapoelewa wavu na milango miwili ni vya nini.

Wakirudi ndani, kila mmoja apewe mstari wake wa kuchavusha. Upepo humo ni haba, basi agonge polepole kamba inayoshikilia mche, chavua idondoke ndani ya ua lilelile. Huwa wananyamaza kabisa wakifanya kazi hiyo, na mimi huipenda sana saa hiyo.

Kwenye usafi msilegeze. Kiatu kilichotoka shamba jingine hubeba ugonjwa. Wekeni beseni la dawa mlangoni. Aliyeshika sigara anawe kwa sabuni, kwa kuwa tumbaku inaweza kuleta virusi vya batobato, ugonjwa unaotia majani mabaka. Akikataa abaki nje, hata kama ni mgeni rasmi. Ziara ziwe asubuhi. Jua likishapanda, joto la ndani linawachosha watu.

Chakula nacho kitoke kijijini. Huko Iceland, katika kijiji cha Reykholt, shamba la Friðheimar hulima nyanya mwaka mzima kwa joto la maji ya ardhini, na wageni hula supu ya nyanya katikati ya mimea. Kwetu kina mama wapike ndizi na kachumbari, walipwe siku hiyohiyo. Kiingilio kigawanywe kati ya kitalu, vijana wanaoongoza wageni na mfuko wa kijiji, na mapato yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Nimeona watu wakilinda kitalu usiku bila kuombwa kwa sababu walijua fungu lao.

Jiandaeni pia kwa swali la nailoni iliyochakaa, maana wageni wataliuliza. Msiichome. Vipande vizima vifunike kuni na mbolea, vilivyobaki vikusanywe viuzwe kwa wanunuzi wa plastiki chakavu, na mgeni aonyeshwe lundo lilipo.