Maswali yenu ya historia: Kisumu na Uganda, Wasuba, ngome ya mawe, na mengine

Wiki hii karibu kila mtu ameuliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nani alifika hapa kwanza na nani ni mgeni. Nitajibu, lakini niwaambie mapema kwamba historia ya huku kwetu, kutoka Nakuru mpaka ziwani, ni ya watu kuchanganyikana, ukiitafuta ikupe hatimiliki ya kabila lako haitakupa.

Mzee wangu anasema Kisumu ilikuwa Uganda. Ni kweli ama ni stori tu? (Kondele, Kisumu)

Mzee yuko sawa kabisa. Mpaka 1902 upande huu wote, Kisumu, Nandi, Kericho hadi kule Naivasha, ulikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, halafu Waingereza wakaukata wakauunganisha na koloni yao nyingine ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901, wakati huo mji wakiuita Port Florence, na walitaka njia yote kutoka Mombasa mpaka ziwani iwe chini ya serikali moja. Hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Ndiyo maana leo Wasamia wako Busia pande zote mbili za mpaka, na Wabukusu wa Bungoma na ndugu zao Wagisu wa Mbale hutahiri miaka ile ile, inayogawanyika kwa mbili.

Nyanya yangu wa Mfangano huongea Kisuba, mimi najua Dholuo tu. Shuleni waliniita Mjaluo feki. Sasa mimi ni nani? (Mbita)

Pole sana, hayo maneno yanauma na hayana ukweli wowote. Kwanza hao waliokuita hivyo, mababu zao pia walitoka mbali, Bahr el Ghazal kule Sudan Kusini, wakashuka polepole kupitia Uganda, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakafika Got Ramogi huko Siaya, na walipofika hawakukuta nchi tupu, walikuta watu wanaoongea lugha za Kibantu wakapigana nao, wakaoana nao, wakawameza. Koo kadhaa zinazojiita za Kijaluo leo zilianzia hivyo.

Watu wako wa upande wa nyanya walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, simulizi nyingi zinasema walikimbia vita vya kugombea kiti cha Kabaka, mfalme wa Buganda, wakakaa visiwa vya Mfangano na Rusinga, na pia Gwassi. Huko wanaume wakaoa mabinti wa Kijaluo, na mtoto hushika lugha ya mama kwanza. Soko la samaki likawa la Dholuo. Halafu wamisionari wakaja na Biblia ya Dholuo na shule za Dholuo, na hapo ndipo Kisuba kilipopata pigo kubwa, kwa sababu mtoto aliyetaka kusoma ilibidi aache lugha ya nyumbani mlangoni. Hakuna aliyeshindwa wala kununuliwa, ni maisha tu yalivyokwenda. Yule mwanasiasa Tom Mboya aliyezikwa Rusinga alitoka kwa Wasuba hao hao na hakuna anayesema hakuwa Mjaluo wa kweli.

Na kama ni kushindana nani wa kwanza, hapo hapo Mfangano kuna michoro kwenye miamba, miviringo myekundu na myeupe, inayosemwa ni kazi ya wawindaji Watwa waliokuwa hapo kabla ya Wasuba na kabla ya Wajaluo. Wewe ni Msuba na ni Mjaluo, vyote viwili. Lakini tafadhali kaa na nyanya, washa simu umrekodi akiongea, nyimbo, majina ya samaki, matusi hata, kila kitu. Wanaokijua vizuri ni wazee, na hawatakuwa nasi milele.

Rafiki yangu anabisha kwamba ngome ya Thimlich Ohinga ilijengwa na Wareno. (Migori)

Hapana! Mwambie aende akaione, iko ndani ya kaunti yenu. Kuta zinafika mita nne na zaidi mahali pengine, mawe yamepangwa bila saruji wala udongo, pande mbili za nje na katikati mawe madogo yaliyojazwa, na zimesimama tangu karibu karne ya 16. Milango waliifanya mifupi makusudi, adui aingie ameinama. Waliojenga mwanzo wanadhaniwa ni watu wa Kibantu, Wajaluo walipokuja wakaishi humo, wakazikarabati na kuendelea na ufundi ule ule. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018. Inaniudhi sana mtu akiona kazi safi ya mikono ya Waafrika kitu cha kwanza anatafuta mgeni wa kumpa sifa.

Nabongo Mumia alikuwa shujaa ama msaliti? (Bungoma)

Swali likitoka Bungoma naelewa kwa nini. Mwaka 1895 Waingereza walipowapiga Wabukusu kule Lumboka na Chetambe, watu wa Wanga, ufalme wa Mumia, walikuwa upande wa Waingereza. Mumia akafanywa chifu mkuu 1909, na ndugu yake Murunga alipelekwa kuwatawala Wabukusu. Hilo halisahauliki na sioni sababu lisahaulike. Lakini Mumia alikuwa mfalme wa Wanga, hakuwa kiongozi wa Waluhya wote, hilo jina lenyewe lilikuja kushika miaka ya 1930 na 1940. Alizungukwa na maadui, wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamefika kwao tangu enzi za baba yake Shiundu, na alijua bunduki inafanya nini. Mimi nasema aliwalinda watu wake kwa gharama ya majirani, na gharama hiyo waliilipa Wabukusu.

Kwa nini Wajaluo waling'oa meno sita ya chini? (Ahero)

Ilikuwa alama ya kuingia utu uzima. Wazee pia husema pengo lilisaidia kumlisha mgonjwa mwenye pepopunda ambaye taya limekaza.

Yale mashimo ya Hyrax Hill hapa Nakuru, watu waliishi ndani? (Lanet)

Zamani ndivyo ilivyodhaniwa, Mary Leakey alipoanza kuchimba hapo 1937. Sasa inajulikana yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu wanaoitwa Wasirikwa, nyumba zilikuwa pembeni. Wakalenjin wana simulizi zao nyingi kuhusu Wasirikwa hao. Ukienda, muulize mlinzi akuonyeshe bao za kuchezea zilizochongwa kwenye mwamba, mashimo yake bado yanaonekana vizuri.