Maskati wakati wa joto: cha kutia begini

Likizo ya Juni ikikaribia, jamaa hunipigia simu kuniuliza wabebe nini Maskati. La kwanza ninalowajibu ni sweta, na wengi hushangaa.

Juni sisi Unguja tuko kwenye kusi, upepo mwanana. Ukishuka Maskati unakuta nyuzi 40 na zaidi, na unyevu wa bahari haukuachi ukauke jasho hata baada ya magharibi. Oman imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Basi saa hizo watu wamo ndani, na ndani viyoyozi vinavuma kweli: dukani, kwenye gari, sebuleni kwa shangazi. Siku nzima unatoka tanuri unaingia baridi, na watoto ndio wanaoanza kukohoa. Sweta nyepesi na soksi za watoto ziweke kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya sanduku, maana hata ndani ya ndege utazihitaji.

Kitu ambacho siwezi kusafiri bila yake ni kanga. Chukua doti mbili. Ndani ya ndege unajifunika, ukifika unaswalia, ukienda wadi, yaani bonde lenye maji, kuogelea unajifutia, na gari lililoachwa juani unatandika kitini kabla mtoto hajakaa. Ukiifua usiku, asubuhi imekauka. Doti ya tatu iwe mpya, ya kumpa mwenyeji wako. Ndugu zetu wa kule wanaipenda kanga ya nyumbani kuliko zawadi nyingi za bei kubwa.

Nguo ziwe za pamba, pana, za mikono mirefu. Baibui la kitambaa cha nailoni linaganda mwilini, liache. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, kila mgeni hutaka kuuona: wanawake wafunike nywele, mikono na miguu, wanaume wavae suruali ndefu. Viatu viwe vya kuvuliwa upesi, lakini vyenye soli nene, kwa sababu sakafu ya nje inaunguza.

Krimu ya kukinga jua, yenye kipimo cha kinga (SPF) 30 au zaidi, ni ya kila ngozi, hata nyeusi, na hupakwa upya kila baada ya saa mbili. Kwa ndugu mwenye ualbino ni ya lazima kabisa, pamoja na kofia pana na miwani. Atoke nayo ya kutosha nyumbani. Chupa ikizidi mililita 100 iende kwenye begi kubwa. Pawabenki ni kinyume chake, hukaa mkononi. Adapta usinunue: plagi zao ni za pini tatu bapa kama zetu.

Sasa dawa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Dawa za maumivu zenye kodeini, tramadol, dawa za usingizi kama diazepamu, hizi nchi za Ghuba huzidhibiti vikali. Kumbuka pia kwamba wengi wetu tunapitia Dubai au Doha, nako kuna sheria zake. Beba dawa ndani ya boksi lake, pamoja na cheti cha daktari kwa Kiingereza chenye jina kama lilivyo kwenye pasi. Ukiwa na shaka, uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi. Unga wa mitishamba usio na lebo uache nyumbani. Pakiti chache za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, zinafaa sana, hasa mkiwa na wazee.

Atakayeshuka kusini hadi Salalah kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba atakuta ukungu na manyunyu, hivyo aongeze koti la mvua. Milima ya Jabal Akhdar nako, juu ya mita 2,000, usiku kuna baridi.

Halafu kuna mizigo ya watu. Siku ya kuondoka jirani analeta furushi lililoshonwa: "Mpelekee mwanangu, ni vitu vidogo tu." Lifungue mbele yake, utoe kimoja kimoja. Akikataa lifunguliwe, mrudishie, hata kama ni mtu uliyekua naye. Mirungi Oman ni jinai, na begi limeandikwa jina lako.